Hirizi ya Fedha: Kutoka Pwani hadi Nsemulwa

Watu wengi wakitajiwa utamaduni wa taifa, fikra zao huelekea kwenye ngoma, mavazi, vyakula na michezo ya jadi. Ni nadra kuvikumbuka vitu vidogo ambavyo wazee wetu walivivaa shingoni, mkononi au kiunoni, wakavificha chini ya nguo, kisha wakawarithisha watoto wao. Kimojawapo cha vitu hivyo ni hirizi, na hasa ile iliyotiwa ndani ya kikasha cha fedha ikawa kinga na pambo kwa wakati mmoja.

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya hirizi hizo za fedha za Kiislamu. Tutaanzia Pwani na Unguja, ambako zilifuliwa na kuvaliwa. Kisha tutaifuata njia ya misafara hadi katika nchi ya Wakonongo, Wabende na Wapimbwe, ambayo imepata kuwekwa chini ya wilaya na mikoa mbalimbali, na tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Katavi. Mwisho wa safari yetu tutatua Nsemulwa, kata mojawapo ya Manispaa ya Mpanda.

Huenda msomaji akauliza: Nsemulwa, iliyo mbali kiasi hiki na bahari, ina uhusiano gani na mapambo ya Waswahili na Waomani? Twajibu kwamba uhusiano upo, tena wa aina mbili. Kwanza, hirizi yenyewe ilipita njia hiyo ya bara, ijapokuwa katika safari yake kwa kawaida ilivua fedha ikavaa ngozi. Pili, madini ya fedha yamo katika ardhi ya Mpanda. Yalichimbwa, yakapakiwa katika mabehewa, yakaenda zake. Tukiyaweka mambo haya mawili pamoja, tutajifunza jambo moja kubwa kuhusu thamani ya vitu vya kale, nalo ndilo shabaha ya makala haya: kwamba thamani ya hirizi haikuwa katika uzito wa fedha yake, bali katika neno lililofichwa ndani na katika mtu aliyelivaa.

Neno na maana yake

Neno hirizi limetokana na neno la Kiarabu hirz, ambalo maana yake ni kinga, au mahali palipohifadhiwa. Katika matumizi ya leo maana hiyo imepanuka, hata kitu chochote kivaliwacho kwa ajili ya kinga huitwa hirizi, kiwe kipande cha mti, ukucha wa mnyama au dawa iliyofungwa kitambaani. Lakini kwa asili yake hirizi ya Kiislamu ni maandishi. Bila ya maandishi kikasha ni pambo tupu.

Hapana budi pia tuitenge hirizi na vitu vingine vya jamii yake. Kombe ni maandishi yaliyoandikwa ndani ya sahani kwa zafarani, kisha yakaoshwa kwa maji, na maji hayo akanywa mgonjwa. Kago ni zindiko la kulinda mtu, nyumba au shamba. Talasimu ni mpango wa herufi, tarakimu na alama unaoaminiwa kuwa na nguvu yake. Hirizi yaweza kuwa na talasimu ndani yake, lakini sifa yake hasa ni kwamba huvaliwa, ikaenda aendako mwenyewe.

Maandishi yaliyotiwa ndani yalikuwa ya aina mbalimbali. Yaliyopendwa zaidi yalikuwa aya za Kurani, kama vile Aya ya Kursi, ambayo ni aya ya 255 ya sura ya pili, pamoja na sura mbili za mwisho, yaani ya 113 na ya 114, ambazo zote mbili ni za kuomba hifadhi. Yalikuwamo pia majina ya Mwenyezi Mungu, majina ya malaika na dua. Aliyeandika kwa kawaida alikuwa mwalimu wa chuo, yaani yule yule aliyewafundisha watoto kusoma. Alimwuliza mhitaji jina lake na jina la mama yake, akazigeuza herufi za majina hayo kuwa hesabu kwa kufuata abjadi, ambayo huipa kila herufi ya Kiarabu thamani yake: alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, dali ni 4, na kuendelea hivyo hadi 1000. Kutokana na hesabu hiyo aliamua aandike nini, siku gani na saa gani.

Mara nyingi hesabu hizo zilipangwa katika miraba. Mraba mashuhuri kuliko yote una vyumba tisa tu. Safu ya juu ina 4, 9 na 2. Safu ya kati ina 3, 5 na 7. Safu ya chini ina 8, 1 na 6. Mwanafunzi na ajaribu mwenyewe kujumlisha: kwa kulala, kwa kusimama na kwa pembe hadi pembe, jawabu ni 15 daima. Katika pembe nne za mraba huo zimo 2, 4, 6 na 8, na herufi zenye thamani hizo zikisomwa pamoja hutoa neno buduh, ambalo liliandikwa kwenye hirizi katika nchi nyingi za Kiislamu. Mraba huo ulijulikana China zama za kale kabla haujaonekana katika vitabu vya Kiarabu. Basi kijikaratasi kilichoning'inia kifuani mwa mtoto wa Pwani kilibeba ndani yake hesabu iliyokwisha kuvuka nusu ya dunia.

Wala desturi hii haikuwa ya Pwani yetu peke yake. Hirizi za maandishi zimevaliwa tangu Moroko hadi Indonesia. Huko Misri, tangu yapata karne ya 10, palikuwa na mafundi waliopiga chapa maandishi ya hirizi kwenye karatasi kwa kutumia vibao au bati zilizochongwa, yaani karne kadhaa kabla ya Gutenberg kupiga chapa Biblia huko Ujerumani katika karne ya 15. Jambo hili lafaa likumbukwe na kila mwalimu wa historia, kwa kuwa latuonyesha kwamba haja ya watu ya kupata kinga ilisaidia kueneza hata ufundi wa chapa.

Kikasha na mfuaji wake

Karatasi huchakaa kwa jasho na maji. Kwa hiyo ilihitaji nyumba. Nyumba ya kawaida ilikuwa ngozi ya mbuzi iliyoshonwa pande zote, na mara nyingi ilikuwa ya pembe nne au pembe tatu. Aliyejiweza aliitengenezea nyumba ya fedha. Pamoja na kuihifadhi karatasi, kikasha kilichofungwa vema kilikuwa na faida nyingine: kilisitiri aya, hivyo wengi waliona kwamba mvaaji hakulazimika kuivua kila alipoingia mahali pasipo tohara.

Vikasha hivyo vilikuwa na maumbo mawili makubwa. Kuna vilivyofanana na bomba, vyenye kifuniko ncha zote mbili na pete juu za kupitishia mkufu. Kuna pia vilivyofanana na kisanduku bapa cha mstatili, ambavyo chini yake vilitundikwa vinyororo vidogo vyenye njuga au vipande vya sarafu, vikalia kwa sauti ndogo mvaaji alipotembea. Umbo hili la pili ndilo lililopata sifa kubwa katika Oman, hasa kwa mafundi wa mji wa Nizwa, na kutoka huko likajulikana pande zote za bahari zilizofungwa na safari za majahazi.

Kazi ya mfua fedha ilihitaji subira. Aliiyeyusha fedha katika kalibu, akaimimina, kisha akaifua kwa nyundo juu ya fuawe mpaka ikawa bamba jembamba. Akalikata bamba kwa kipimo, akalikunja, akaziunga kingo zake kwa lehemu. Baada ya hapo ndipo alipotia nakshi: kwa tindo ndogo alichora majani, maua na mistari, au alisokota nyuzi nyembamba za fedha akazibandika pamoja na chembe za mviringo mfano wa mtama. Wengine walitia kito cha akiki nyekundu katikati. Kikasha kilipokamilika kiliungana na mapambo mengine ya fedha yaliyojulikana sana Pwani, kama vile kekee, vikuku, mitali, furungu, kidani na mkufu.

Fedha ilijulikana Pwani tangu kale. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, katika kisiwa cha Pemba, wachimbuzi wa mambo ya kale waligundua hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa ndogo sana, za karne ya 11 au karibu na hapo. Lakini nchi za Pwani hazikuwa na machimbo ya fedha. Madini hayo yaliletwa na biashara. Katika karne ya 19 chimbuko lake kubwa lilikuwa sarafu iliyoitwa reale, yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria. Sarafu hiyo iliendelea kupigwa kwa mwaka ule ule wa 1780 miaka mingi baada ya malkia huyo kufa. Uzito wake ulikuwa gramu 28 na kidogo, na ndani yake zilikuwamo gramu 23.4 za fedha safi. Kwa kuwa kila mtu aliuamini uzito huo, mteja aliweza kumpelekea mfuaji reale zake akamwambia amfulie kikasha, na wote wawili wakajua ni fedha kiasi gani iliyoingia motoni. Si ajabu basi kwamba katika lugha yetu neno fedha ni madini, na ni pesa vile vile.

Kwa nini ilichaguliwa fedha, si dhahabu? Zipo sababu tatu. Ya kwanza ni upatikanaji wake, kama tulivyokwisha kueleza. Ya pili ni sheria ya dini: mwanamume Mwislamu amekatazwa kuvaa dhahabu, ilhali pete ya fedha ameruhusiwa. Ya tatu ni imani ya waandishi wa elimu ya nyota, waliolinganisha kila madini na sayari yake. Kwao dhahabu ilikuwa ya jua na fedha ilikuwa ya mwezi, tena waliihesabu fedha kuwa madini safi na ya heri.

Hata hivyo haifai tuyatazame mapambo haya kwa jicho la uzuri tu. Reale zilizoingia Unguja zilinunua pembe za ndovu, karafuu na binadamu. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa hadi mwaka 1873. Katika baadhi ya vikasha vinavyosifiwa leo kwa nakshi zake imo fedha iliyopatikana kwa jasho na machozi ya watu wa bara. Mwanahistoria mkweli husema yote mawili: ustadi wa mkono uliofua, na dhuluma iliyolipia.

Hoja ya wanavyuoni

Yafaa tuseme pia kwamba Waislamu wenyewe hawakuwa na kauli moja juu ya hirizi. Wako wanavyuoni waliozikataa kabisa, wakishika mapokeo ya Mtume yanayolaani kutundika vitu mwilini kwa kutumainia kinga, kwani kinga ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Wako wengine waliozikubali kwa masharti: kwamba yaliyoandikwa yawe maneno ya Mwenyezi Mungu au dua yenye maana inayofahamika, na mvaaji asiamini kwamba kile kikasha chenyewe ndicho kinachomlinda. Miraba ya hesabu na majina yasiyoeleweka yalizusha shaka kubwa zaidi. Mjadala huo ni wa karne nyingi, nao unaendelea hadi leo.

Makala haya si mahali pa kuukata mjadala huo. Tunautaja kwa sababu ni sehemu ya historia ya kitu chenyewe. Kutokana nao tunaelewa kwa nini katika mji mmoja waliweza kukaa mwalimu anayeandika hirizi na mwalimu anayezikemea, na wote wawili wakaheshimiwa na majirani zao.

Njia ya bara

Sasa tugeuze uso kuelekea magharibi. Kuanzia nusu ya kwanza ya karne ya 19, misafara ya Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi iliunganisha Bagamoyo na Tabora, na Tabora na Ujiji. Burton na Speke walipofika Tabora mwishoni mwa mwaka 1857 walikuta maskani ya wafanyabiashara Waarabu imekwisha kusimama. Na Februari 1858 wakafika Ujiji. Lakini njia haikuwa moja. Vita vya Mirambo na Waarabu vilipoifunga njia ya kawaida mwaka 1871, Stanley alizunguka kusini kupitia Ukonongo ndipo akafika Ujiji kwa Livingstone. Mwaka uliofuata wote wawili waliipitia nchi hiyo waliporudi Unyanyembe. Nchi ambayo leo twaiita Katavi haikuwa basi kichaka kisichojulikana. Ilikuwa njia ya watu, habari na bidhaa.

Wenyeji wa njia hiyo hawakuwa wakingojea wageni ili wajue maana ya kinga. Walikuwa na dawa zao, pembe zao za kutilia dawa na mizimu yao. Hadi leo jina la Katavi lamkumbusha kila mtu mzimu Katabi, ambaye masimulizi ya Wabende yanasema makao yake ni kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi, ambako watu walipeleka sadaka. Tena, kuvaa kitu cha baharini halikuwa jambo geni. Katika Unyamwezi na nchi jirani watu walivaa kibangwa, yaani kisahani cheupe kilichokatwa kwenye kombe la konokono wa baharini, na watemi walikihesabu kuwa alama ya utawala. Kombe lile lilisafiri mamia ya maili kutoka pwani, na lilipofika bara lilipewa maana ambayo pwani halikuwa nayo.

Vivyo hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa hirizi. Mpagazi aliyekwenda Pwani na kurudi aliiona, na wapo waliorudi nayo. Lakini bara hapakuwa na wafua fedha wa namna ile, na reale ilikuwa adimu. Aidha, msafiri mwenye fedha inayong'aa kifuani alijitafutia hatari njiani. Mbuzi lakini walikuwapo kila mahali, na sindano ya kushonea ngozi haikuwa ghali. Kwa hiyo hirizi iliyoenea bara ilikuwa hasa ile ya ngozi, nyeusi kwa jasho na mafuta, isiyomvutia mwizi.

Hapa ndipo tunapopata fundisho. Kama fedha ndiyo ingalikuwa thamani ya hirizi, basi hirizi ingalikoma pale wafua fedha walipokoma. Haikukoma. Iliacha nyumba yake ya kifahari Pwani, ikachukua kile kilicho cha lazima, yaani neno, ikaenda nacho. Watu wa bara ambao wengi wao hawakujua kusoma Kiarabu walilithamini andiko kabla ya kulijua kulisoma. Mahali pengi hirizi ilitangulia kitabu, na mwandishi wa hirizi akawa ndiye mwalimu wa kwanza wa chuo kijijini.

Haitupasi kudhani kwamba Waislamu peke yao ndio walioleta vitu vya kuning'iniza shingoni. Mwaka 1879 Wabelgiji walijenga kituo Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, na mwaka 1885 kituo hicho kikakabidhiwa Wamisionari wa Afrika, waitwao Mapadre Weupe. Wakristo Wakatoliki nao wana medali na misalaba wanayovaa. Hivyo mtoto wa nchi hii angeweza kukua akiona pembe ya dawa kwa babu, hirizi ya ngozi kwa mjomba na medali kwa jirani. Kila kimoja kilikuwa na mafundisho yake, na si haki kuvichanganya. Lakini vyote vilijibu swali moja la binadamu, ambalo ni hofu ya maradhi, ya husuda, ya safari na ya usiku.

Fedha ya Mpanda

Tumefika Nsemulwa. Kata hii ni sehemu ya mji ambao haukukuzwa na misafara, bali na machimbo na reli. Katika Mpanda yaligunduliwa mawe yenye risasi, na ndani ya mawe hayo mlikuwa pia na fedha, shaba na dhahabu. Katika utawala wa Waingereza kampuni iliyoitwa Uruwira Minerals iliyachimba madini hayo, na kwa ajili yake ikajengwa reli ya tawi kutoka Kaliua hadi Mpanda, yenye urefu wa kilomita zipatazo 210. Kazi ya kuijenga ilifanywa mwishoni mwa miaka ya 1940. Machimbo hayo yalifungwa mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Reli ikabaki, na mji ukabaki. Watu wa makabila mengi waliofuata kazi na reli walikuja na lugha zao, dini zao na vinga vyao, wakawa majirani.

Tuutazame mzunguko huu wa ajabu. Katika karne ya 19, fedha iliyochimbwa katika nchi za mbali iliyeyushwa Pwani, ikapewa umbo, jina na kazi, ikawa hirizi. Karne moja baadaye, fedha ya ardhi ya Mpanda ilitolewa chini, ikaondoka ikiwa madini yasiyo na jina. Hatuwezi kukinyoshea kidole kikuku, mkufu wala kikasha chochote tukasema: hiki kilitoka Mpanda. Ile ya kwanza ilikuwa ya kigeni, lakini mikono ya mafundi na imani ya wavaaji viliifanya iwe mali ya utamaduni wa Pwani. Ile ya pili ilikuwa ya nyumbani, lakini kwa kuwa haikupita katika mikono ya mafundi wetu haikuacha alama yoyote katika utamaduni wetu. Madini peke yake si utamaduni. Utamaduni huanza pale mtu anapoyapa madini kazi na maana.

Hatari iliyopo na wajibu wetu

Tukilishika fundisho hilo, tutaielewa hatari inayozikabili hirizi za kale zilizosalia. Hatari ya kwanza ni moto. Tangu zamani katika Oman ilikuwa desturi mapambo ya fedha ya mwanamke aliyefariki yauzwe, na mengi yaliyeyushwa ili yafuliwe upya. Ndiyo sababu vikasha vya kale sana ni vichache. Siku hizi fedha kuukuu hupimwa kwa mizani na kulipwa kwa gramu, na mizani haijui nakshi wala haijui nani alivaa.

Hatari ya pili ni ya siri zaidi. Vikasha vya zamani hutafutwa sana na wakusanyaji wa ng'ambo, na mara nyingi vinapofika mikononi mwao huwa vitupu. Karatasi imetupwa, mkufu umebadilishwa, na jina la mwenyewe limesahauliwa. Kinachobaki ni gamba. Kitu kama hicho chaweza kupendeza katika kabati la kioo, lakini hakiwezi kutujibu swali hata moja: kiliandikwa na nani, kwa ajili ya nani, na dhidi ya hofu gani. Kinyume chake, hirizi ya ngozi iliyochakaa, isiyo na thamani sokoni, yenye karatasi yake na masimulizi ya mwenyewe, ni hati kamili ya historia.

Nchi yetu haikulala katika jambo hili. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, iliweka ulinzi juu ya mali za kale na masharti juu ya kuzitoa nje ya nchi. Makumbusho ya Taifa yapo Dar es Salaam, na Unguja nako yapo makumbusho yake. Lakini sheria na makumbusho haviwezi kuingia katika kila sanduku la bibi. Kazi hiyo ni ya walimu na wanafunzi.

Kwa hiyo twapendekeza mambo machache yanayoweza kufanywa na shule yoyote, ya Nsemulwa, ya Ujiji au ya Pangani. Mwanafunzi na awaulize wazee wake kwa adabu kuhusu vitu vya kinga na mapambo walivyoviona utotoni: viliitwaje, vilitengenezwa kwa kitu gani, vilivaliwa na nani na wakati gani. Aandike majibu kwa maneno yale yale ya wazee, kwa lugha yao na kwa Kiswahili. Kama kitu chenyewe kipo na mwenyewe ameridhia, akichore na kukipima. Hirizi iliyofungwa isifunguliwe, kwa maana aliyeifunga hakutaka isomwe, na heshima hiyo ni sehemu ya historia yake. Wala mwanafunzi asicheke wala asihubiri. Kazi yake ni kusikiliza na kuandika. Mwalimu naye ayatunze madaftari hayo shuleni, kila moja likiwa na mwaka na mahali.

Shule ikifanya hivyo kwa miaka michache tu itakuwa na hazina isiyopimika kwa mizani ya sonara. Babu zetu waliokaa njiani kati ya Tabora na Ziwa Tanganyika hawakuwa na fedha ya kutosha kuijengea hirizi nyumba ya kifahari, wala hawakuisikitikia. Walijua kwamba kinachohifadhiwa ni neno, na kwamba nyumba yoyote yatosha mradi imeshonwa vema. Daftari la mwanafunzi ni nyumba kama hiyo. Tusiliache tupu.